Shangazi Amekuja Kumchukua

Robinvale, Australia
Jumapili, 16 Februari 2014

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu imepungua uvimbe? Mimi mzima, ila vidole vimechubuka kwa mkasi wa kukatia zabibu, na jua la huku halina adabu. Leo hatufanyi kazi. Tumetoka kanisani, wenzangu wamelala kama magunia, ndiyo nimepata nafasi ya meza.

Nakuandikia kwa sababu simu kwako ni kazi bure. Juzi nilipopiga dukani kwa Mosese nilimsikia akikupazia sauti, "Fusi anauliza kama mko salama!" Nawe ukajibu, "Salome? Salome yupi?" Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Basi, na tuandikiane. Macho yako angalau hayajakugeuka.

Kalolaine anakula? Bado anapigana na chanuo? Mwambie nimeona kangaruu wawili wamesimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri gari. Mwambie mwezi wa nane si mbali.

Sasa nisikilize vizuri. Wifi yangu Temaleti amenipigia kutoka Auckland. Hakuniuliza hata nimeamkaje. "Fusi," anasema, "mtoto wa kaka yangu analelewa na bibi asiyesikia, mama yuko mashambani kwa watu, baba yuko kwa mwanamke mwingine. Huyo ni mtoto au mbuzi wa njiani?" Nikamwambia mimi na Sosaia tumeachana, lakini mtoto hajaachwa na mtu; narudi mwezi wa nane. Akacheka. "Mimi ni shangazi yake," akasema. "Sihitaji kukueleza shangazi ni nani."

Hahitaji kweli. Wewe na mimi tunajua. Kwetu Tonga shangazi akinyoosha mkono, kilichopo mezani ni chake. Lakini mtoto si sahani ya viazi, Mama. Temaleti hakujaliwa kuzaa, na namhurumia kwa hilo, ila huruma yangu haifiki kwa Kalo.

Anakuja mwezi ujao. Akija, mpokee, mpe chakula, mwekee mkeka mzuri. Ila mtoto asitoke naye peke yake. Na nenda shuleni kwa mwalimu Lesieli, umwambie kwa mdomo wako kwamba Kalo haondoki na mtu yeyote isipokuwa wewe au Heamasi mwenye pikapu. Hata na shangazi yake. Umtaje Temaleti kwa jina, Mama. Usizunguke.

Mwanao,
Fusi

Lotofoa, Foa
Jumamosi, 15 Machi 2014

Mwanangu Fusi,

Nimeamka, nimekula, miguu inanibeba mpaka kanisani na kunirudisha, kwa hiyo sina cha kumlalamikia Mungu. Pole na vidole. Paka mafuta ya nazi, usione haya mbele ya wenzako.

Kalo yuko hapa ananigonga kiwiko nikiandika, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Anauliza kangaruu anakula nini. Nimemwambia anakula watoto wasiochana nywele. Hakuniamini.

Temaleti amefika. Mzee wao wa Pangai amefariki, yule mjomba wa miguu mirefu, naye amekuja mazikoni. Ungemwona! Amekaa upande wa kichwa cha marehemu, mikeka imerundikwa mbele yake kama ukuta, kila anayeingia anainama. Sisi upande wa mke tulikuwa jikoni na moshi wetu.

Siku ya pili akaniita. Kalo alikuwa amekaa mapajani kwake. Nywele ambazo mimi ananikimbiza nazo uwanja mzima, kwa Temaleti alitulia kimya, zikasukwa mbili mbili. Temaleti akasema mbele ya watu wote, "Mama Lupe, huyu nakwenda naye."

Kila mtu akaangalia chakula chake. Nami nikajifanya sijasikia. Uziwi nao una faida zake. Akarudia kwa sauti kubwa. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu, hata mimi nimeona, chumvi imezidi kidogo." Wanawake wa jikoni walijificha nyuma ya masufuria kwa kicheko. Temaleti hakucheka.

Baadaye akanifuata kwenye jiko la mawe, akainama mpaka sikioni. "Unanichezea, Mama," akasema. "Fusi alimwacha. Mimi nakuja kumwokota. Nani kati yetu ana kosa?" Nikamwambia, "Hakuachwa, amewekwa kwangu." Akasema, "Kwako? Akilia saa hizi utamsikia?"

Hilo lilinichoma, sikufichi.

Lakini usiwe na wasiwasi. Nimekwenda shuleni kwa mwalimu Lesieli na nimezungumza naye. Temaleti anaondoka Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Nitamkumbatia, nitamfungia viazi vikuu vya safari, na atakwenda.

Mamako

Lotofoa
Ijumaa, 28 Machi 2014

Fusi mwanangu,

Mosese ameshakupigia, najua. Nilikuwa nimesimama pale pale dukani nikamwona anavyobadilika uso akikusikiliza, kisha akaiweka simu chini taratibu bila kunitazama. Kwa hiyo unajua. Lakini Mosese hakuwepo, na mimi ndiye niliyekuwa mlezi, kwa hiyo nikueleze mwenyewe ilivyokuwa.

Jana Alhamisi asubuhi Kalo alipanda pikapu ya Heamasi pamoja na watoto wengine kama kawaida. Alikuwa na mkate na ndizi. Alinikatalia kiatu cha kushoto, akasema kinamuuma, nikamwambia avae tu.

Ilipofika kama saa nne, mke wa Mosese akaja uwanjani kwangu. Alikuwa ametoka Pangai. Akaniandikia kwenye vumbi kwa kijiti, kama tunavyofanya: SOSAIA YUPO. Nikamuuliza yupo wapi. Akaandika: SOKONI NA DADA YAKE. MABEGI.

Sosaia, aliyeshindwa kuja hata mtoto alipougua surua, leo yuko Pangai na mabegi! Nilitoka bila kujifunga mkeka wa heshima kiunoni. Heamasi alikuwa anapakua mchanga, nikampiga bega, nikaingia garini kwake, nikasema, "Shuleni." Akatupa koleo, akawasha gari.

Tulipofika uwanja wa ndege, pale barabara inapokatiza njia ya ndege, mlinzi alikuwa amekwisha kushusha geti. Ndege ndogo ilikuwa inageuka kule mwisho. Tukangoja. Unapajua pale, hakuna njia nyingine. Ndege ikaja mbio, ikatupita, ikainuka. Heamasi akaipungia mkono kama anavyofanya siku zote. Na mimi nikapunga, Fusi. Kwa mazoea tu. Mimi na Kalo tukikuta ndege pale tunapunga.

Geti likainuliwa, tukaenda. Mwalimu Lesieli alikuwa anafagia. Akaniona, akatabasamu, akaja mpaka sikioni. "Mama Lupe, mbona umekuja? Shangazi amekuja kumchukua. Yeye na baba yake. Karibu saa nzima sasa. Kalo alifurahi kweli."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi alilokusanya. Heamasi aligeuza gari kurudi uwanja wa ndege, lakini ningekwenda kufanya nini? Nilikuwa nimeshampungia.

Tukaenda polisi. Sajenti alipiga simu kisiwa kikuu mbele yangu. Nilimwona anavyohangaika, si mtu mbaya. Akaniandikia kwenye karatasi: "Baba yupo naye. Baba amesaini kila kitu. Sina la kumzuilia." Leo mchana, siku moja kabla ya tarehe aliyotuambia Temaleti, wamepanda ndege ya Auckland.

 

Mamako

Robinvale
9 Aprili 2014

Mama,

Sikuulizi hali. Na yangu usiniulize.

Nilimwomba msimamizi wetu ruhusa niondoke. Akasema mkataba ukivunjwa sitaitwa tena, lakini hanizuii. Nikakaa kitandani na begi mapajani. Kwenda wapi? Nikija Foa, Kalo hayupo. Auckland siruhusiwi kuingia bila viza. Nimerudi shambani, nakata zabibu. Mikono inakata yenyewe.

Nimeongea na Sosaia. Anasema, "Unalia nini? Si kwa mgeni. Atasoma, atakula vizuri, atavaa viatu." Nilimuuliza kama aliwahi kujua mtoto anavaa namba ngapi. Akakata simu.

Nimeongea na Temaleti. Anasema nisimsumbue mtoto, ndiyo kwanza anazoea.

Nina swali moja tu na nataka unijibu ukweli. Mwalimu Lesieli nimempigia. Analia tu. Anasema ulimwendea, ndiyo, lakini jina la Temaleti hukulitaja. Ulimwambia nini, Mama?

Fusi

Lotofoa
2 Mei 2014

Mwanangu,

Barua yako niliipata siku nane zilizopita. Nimeanza kujibu mara nne.

Ni kweli. Nilikwenda shuleni nikiwa na maneno yako yote kichwani. Nilipofika, pale mlangoni walikuwepo wazazi wengine wawili, wote ndugu wa Temaleti kwa upande wa mama yake. Mwalimu akaniuliza, "Kuna tatizo, Mama Lupe?" Nikaona nikifungua mdomo, kabla ya jua kuzama visiwa vyote viwili, Foa na Lifuka, vitasema Lupe amemwita shangazi wa mtoto mwizi, tena wakati wa msiba wao. Nikasema, "Hapana, ni kwamba tu siku hizi watu wabaya ni wengi. Kalo msimpe mtu msiyemjua."

Msiyemjua, Fusi. Ndilo neno nililosema. Na Temaleti nani hamjui?

Lesieli hakukosa. Alifanya nilivyomwambia. Nilitaka kulinda mtoto na heshima kwa mkono mmoja, nikashika heshima.

Nimekwenda kwa mchungaji. Amesali, akasema shangazi ni damu, Mungu atalainisha mambo. Wanawake wa chama cha ufumaji wananiambia, "Lupe, acha kukonda, mtoto hakuibwa, amehamishwa chumba." Wanasema kwa wema. Mmoja wao wanawe watatu wamelelewa na mashangazi, na wote wamekuwa watu. Nilimuuliza, "Uliombwa au hukuombwa?" Akasema, "Niliombwa." Nikamwambia, "Basi tusilinganishe."

Ukitaka kunichukia, nichukie. Ila niandikie.

Mamako

Lotofoa
3 Agosti 2014

Fusi mwanangu,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mungu akupe afya popote ulipo.

Nimepata kazi, cheka kidogo. Tangu mwezi wa sita kila siku napanda pikapu ya Heamasi pamoja na watoto, nakaa kwenye geti la shule mpaka watoke. Nina kiti changu. Kila anayekuja kuchukua mtoto namuuliza, "Wewe nani kwake? Mama yake anajua?" Mwanzoni walichukia. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, huyu ni mjukuu wangu, pua hii huioni?" Nikamwambia pua si ruhusa. Sasa wananiita askari wa chekechea. Baba zao wakipita wananipigia saluti.

Jioni wote wanakwenda kwao, nami narudi.

Mamako

Lotofoa
21 Septemba 2014

Fusi,

Binamu yake Mosese alikuwa kisiwa kikuu, Nukualofa, wiki iliyopita. Anasema alikuona sokoni unanunua taro, umekonda, umemsalimia vizuri tu. Kumbe umerudi Tonga tangu mwezi wa nane.

Kutoka hapo mpaka kwangu ni usiku mmoja wa meli.

Sikulaumu. Nimetaka tu ujue kuwa najua.

Mamako

Nukualofa
30 Novemba 2014

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri. Nisamehe kwa kimya.

Nilishuka Tonga tarehe kumi na tano Agosti. Nilikata tiketi ya meli ya kuja kwako. Nikafika gatini, nikaona watu wanapakia mikeka na nguruwe, nikakaa juu ya begi mpaka meli ikang'oa nanga. Nilijua nikifika ningekuta kitanda cha Kalo, na wewe umesimama mlangoni, na nisingejua nikulilie au nikupigie kelele. Nikaogopa. Nimekaa kwa binti wa mjomba Hiva, nafua nguo hotelini.

Viza ya New Zealand nimeomba, nimenyimwa. Hawana hakika nitarudi. Nimeomba tena. Mwanasheria wa msaada wa kisheria anasema kesi lazima ifunguliwe huko aliko mtoto, na mimi niwepo, na hata hivyo baba alikubali, na mahakama itauliza mtoto amekaa wapi na amekaa muda gani. "Kadiri anavyokaa," akaniambia, "ndivyo anavyozidi kuwa wa huko." Kila siku wanayoninyima viza ni siku wanayompa Temaleti.

Anaruhusu nizungumze naye Jumapili moja moja. Mwezi wa tano Kalo alilia mpaka simu ikachukuliwa. Mwezi wa saba aliniuliza nitakuja lini. Mwezi wa tisa akanieleza kuhusu bwawa la kuogelea. Jumapili hii alisema, "Ngoja kidogo," akaiweka simu, nikawa nasikia katuni kwenye televisheni. Nilingoja dakika kumi na saba. Hakurudi. Hakufanya kusudi, Mama. Alisahau tu.

Kuhusu lile neno uliloniandikia mwezi wa tano. Nilikasirika miezi mingi. Kisha usiku mmoja nikajiuliza mimi ningesema nini pale mlangoni mbele ya ndugu zao wawili, wakati wa msiba. Nami niliyekuagiza nilikuwa Australia, mbali na macho ya watu. Ni rahisi kuagiza.

Krismasi nitakuja. Nipikie.

Mwanao,
Fusi

Lotofoa
19 Januari 2015

Mwanangu,

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Asante kwa kuja. Hatukusema mengi, lakini ulikula, na ulilala kitandani kwangu kama ulipokuwa mdogo, nami nilikaa macho nikikusikiliza unavyohema. Hilo masikio yangu bado yanaliweza likiwa karibu.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Kiti changu nimekitengeneza mguu. Lesieli ananiambia nipumzike mwaka huu. Nimemwambia nitapumzika nikifa.

Ukipata ile karatasi ya viza, usiniage. Nenda moja kwa moja.

Mamako

Auckland
Jumapili, 24 Mei 2015

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, nimelala kwa watu wa kanisa letu, huku baridi imeanza na wamenipa koti. Wewe uko vipi? Kifua kimepona? Meza dawa yote, usiiache ukijisikia nafuu.

Nilifika Jumatano. Alhamisi nikaenda shuleni kwake. Sikumwambia Temaleti. Nilikuwa na cheti cha kuzaliwa, picha zetu, pasipoti yangu, kila kitu kwenye mfuko wa nailoni. Sikuwa nimepanga kumwiba, nakuapia. Nilitaka tu nimsubiri getini kama mama yeyote.

Mwalimu wake ni msichana mdogo, hajafika miaka ishirini na tano. Nikamwambia nimekuja kumchukua Kalolaine. Akaangalia karatasi aliyokuwa nayo. "Samahani, mama," akasema, "jina lako halimo."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemzaa." Nikatoa cheti.

Alikisoma chote, hakunidharau. Akasema, "Naona. Lakini siwezi kumpa mtu ambaye jina lake halimo. Tumsubiri mama yake." Akasikia alichosema, akawa mwekundu. Lakini alijiweka kati yangu na mlango. Hakusogea.

Nilimchukia, Mama. Na hapo hapo nikawaza: laiti huyu angekuwa kwetu siku ile.

Kalo akatoka. Amekuwa mrefu, jino la mbele halipo, nywele zimesukwa vizuri sana. Aliniona. Alinitambua, hilo usitilie shaka. Alisimama, akatabasamu kidogo, akashika mkono wa mwalimu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo ambavyo ningemfundisha.

Temaleti akafika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Umekonda. Twende nyumbani ukale."

Nikaenda. Alipika majani ya taro na nyama na tui, na yalikuwa mazuri. Alinikalisha mwisho wa meza karibu na mlango, panapokaa wageni wa upande wa mke. Kalo ana chumba chake, na picha zake ukutani, na kitanda chenye shuka za samaki. Amenionyesha vyote kwa adabu. Ana afya. Anapendwa, Mama, nimeona kwa macho yangu, na sijui niliweke wapi jambo hilo.

Anamwita Temaleti "Mama." Mimi ananiita "Mama Fusi." Wewe unajua lugha. Mama wa mtu haongezewi jina.

Mezani nilisema, "Temaleti, nimekuja kumfuata mwanangu." Akamwambia Kalo akacheze. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mwulize kama anataka kwenda. Mwulize leo hii, mbele yangu. Unathubutu?"

Sikuthubutu. Ana miaka sita. Akisema hapana, atabeba hilo neno maisha yake yote, na mimi pia. Akisema ndiyo, nitampeleka wapi, na kwa karatasi gani?

Mwanasheria wa huku anasema shauri litasikilizwa tarehe tisa Julai. Viza yangu inakwisha tarehe kumi na mbili Juni. Ameomba wasogeze moja kati ya hizo mbili. Anasema nisijenge matumaini.

Ilipofika saa mbili usiku Temaleti akasimama, nikajua muda wangu umekwisha. Kalo alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishikia koti nikivaa. Akaniuliza, "Mama Fusi, utakuja tena?"

Nikafungua mdomo. Temaleti akajibu kabla yangu: "Akialikwa, mwanangu."

Nikamshukuru kwa chakula, Mama. Nikatoka.

Mwanao,
Fusi